Sidii ya Kefa Haiuzwi Tena

Kibanda cha Gemu cha Tuse,
Sogea, Tunduma.
22 Mei 2025

Mpendwa kaka Isaka,

Shikamoo kaka. Hujambo na kazi? Mgongo unaendeleaje, na hizo mashine za kuchoronga miamba hazijakuziba masikio bado? Huku sisi wazima. Mama presha imeshuka, dawa anameza, ila chumvi bado anaiba mboga ikishaiva. Mahindi tumeanza kuvuna. Baridi imeshaingia, asubuhi wateja wangu wanashika pedi za gemu wamevaa soksi mikononi, kucheza hawawezi, wanapigwa, wananilaumu mimi.

Najua unajiuliza barua ya nini zama hizi. Simu yako haipatikani toka Jumatatu ya Pasaka. Yule dada wa ofisi yenu ya Nachingwea mjini kaniambia huko porini kambini njia ya kukufikia ni moja tu, gari la chakula. Basi nimeandika. Isome ukiwa umekaa, na isome peke yako, usiwasomee wenzako ukidhani ina vichekesho vyangu vya siku zote.

Kwanza posa yako.

Tulifika Iyula Jumamosi ile ya tarehe 26 Aprili kama ulivyotuachia maagizo. Mshenga wetu Mzee Lusubilo, baba mdogo, na mimi na kapu langu kichwani. Kina mchumba wako Jenista walitupokea vizuri, kaka, kuku wawili. Ng'ombe wakakubaliana, blanketi la bibi wakakubaliana, koti la baba wakakubaliana. Mimi niko jikoni na kina mama, nasikia kila kitu, moyoni nimeshaanza kushona nguo ya harusi.

Sasa si unajua kwao kaka wa binti lazima naye aseme neno lake. Wakamwita Kefa. Akasimama mlangoni, mikono nyuma, akasema, "Mimi koti sitaki. Ng'ombe gawaneni. Isaka ana kitu changu. Sidii ya gemu. Mkia wa Chuma, orijino, sio ya kuchoma. Ikija hiyo, mdomo wangu naufunga. Isipokuja, dada yangu haolewi huko."

Mzee Lusubilo akauliza, "Sidii ndiyo nini, kijana? Mbegu?"

Watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kefa hakucheka. Akarudia vile vile, neno kwa neno. Baba yake akamkaripia kwa Kinyiha, yeye kasimama tu. Mwisho ikabidi wazee wakubaliane, neno la kaka ni neno. Wakatupa mpaka Jumamosi ya tarehe 24 Mei, yaani keshokutwa.

Njiani baba mdogo ananiambia, "We si ndiyo fundi wa hayo magemu? Kesho nenda dukani kanunue, basi." Nikasema sawa. Kaka, mi mwenyewe nilidhani ni kazi ya nusu saa! Nimejifunza kufungua hizi mashine mwenyewe bila mwalimu, nimefufua pleistesheni zilizonyeshewa mvua, sidii moja itanishinda?

Ikanishinda.

Kwanza jina lenyewe sikulijua. Mkia wa Chuma ni jina lenu la Mlowo, kwenye boksi kumeandikwa Kijapani. Nikaandika kwenye makundi ya mtandaoni, "natafuta gemu ya zamani ya ngumi, kuna jamaa ana mkia wa chuma anapigania." Watu wakanicheka siku mbili. Siku ya tatu mmoja akanitumia picha. Ndiyo yenyewe.

Nikaingia duka la mtandaoni. Ipo, picha ipo, sehemu ya kununua haipo. Imefutwa. Waliowahi kuinunua wanayo, mpya huuziwi hata uwe na hela ya dunia. Nikasoma usiku na mchana mpaka nikaelewa. Wale waliotengeneza gemu, wahusika siyo mali yao. Wale ni wa katuni, wenye katuni ni kampuni nyingine, waliwakodisha kwa miaka kadhaa. Mkataba ukaisha. Ni kama mtu aliyekodi shamba Mbozi, mkataba ukiisha hata mahindi uliyopanda mwenyewe huruhusiwi kugusa. Waliotengeneza hawana ruhusa, wenye katuni hawana haja, na sisi wa katikati tunakufa na kiu. Na siyo hiyo tu, gemu nyingi za zamani za ngumi, zile za katuni na za mieleka, zimeondoka hivyo hivyo. Zimebaki sidii zilizochapwa wakati ule, na hizo ndiyo watoto wamekwangua, watu wamekalia, panya wamejisaidia juu yake.

Nikavuka mpaka kwa miguu, nikaingia Nakonde ya Zambia. Si unamkumbuka Ba Mulenga, yule anayeuza gemu zilizotumika kutoka Afrika Kusini? Nikamwonesha picha. Akatikisa kichwa, "Takuli, mayo. Hakuna, mama. Hiyo hata Lusaka takuli." Halafu akavuta droo akanitolea moja ya kuchoma, nakala ya kompyuta, na karatasi nzuri ya rangi juu, "Lakini hii ni same same, mayo, hata mwenyewe hajui."

Nilijaribiwa, sikufichi. Nikaichukua. Nikapiga picha juu na chini, nikamtumia Jenista amwoneshe kaka yake. Jibu likarudi kabla sijarudi upande wetu wa mpaka. "Mwambie Tusekile mimi siyo mtoto. Orijino chini ni fedha, ya kuchoma chini ni zambarau. Na asinidharau tena."

Nikaona aibu kaka. Nikampigia Jenista, nikamuuliza, hivi hii sidii ina nini? Mtu mzima, ana kahawa yake, ana pikipiki, anazuia harusi kwa gemu ya utotoni?

Jenista ndiye aliyenisimulia yale ambayo wewe hukuwahi kutusimulia. Kwamba mlipokuwa kidato cha tatu mlipanga geto moja pale Mlowo, wewe, Kefa na Andongwisye. Kwamba mjomba wao kina Jenista ndiye aliyemletea Kefa ile sidii toka Johannesburg, orijino peke yake Mlowo nzima, na Kefa akachora jina lake kwa ncha ya bikari pale katikati kwenye duara jeupe. Kwamba ukaazima wiki moja. Kwamba ulipodaiwa ukasema umeshampa Andongwisye amrudishie. Andongwisye akasema hajapewa. Wakamwamini nani? Wewe ndiye uliyekuwa kiranja.

Wakamtoa geto, vitu vyake nje. Akawa anatembea toka kwao mpaka shule, asubuhi kwenda jioni kurudi, mpaka akachoka, akaacha shule. Na Mlowo pale mpaka leo, miaka kumi na mbili, hawamwiti jina lake. Wanamwita Sidii. "Sidii, lete gunia." "Sidii, funga mzigo." Nilishamsikia anaitwa hivyo mimi mwenyewe nikipita stendi, nikadhani ni jina la utani tu kama mengine.

Jenista akasema, "Kefa anajua aliyeiba ni Sidii. Ila aliyeazima ni Isaka, kwa hiyo Isaka ndiye alipe. Ndiyo hesabu yake tu, hana ubaya mwingine na kaka yako."

Hapo nikapumua. Nikasema basi kaka yangu hana kosa, kaponzwa na rafiki. Nikaongeza bidii ya kutafuta. Nilikuwa nakutetea kwa kila mtu, kaka.

Sasa sikiliza. Kwenye yale makundi nikampata jamaa mmoja wa Iringa, anakusanya gemu za zamani kama wengine wanavyokusanya mbuzi. Anayo Mkia wa Chuma, boksi na kitabu chake. Lakini hauzi. Anasema hela inaisha, gemu haiishi. Anabadilishana tu, nimletee orijino mbili za zamani.

Nikakumbuka sanduku lako la bati la shule. Nikalitoa uvunguni, nikalifungua. Madaftari, sare, soksi moja. Sidii hakuna hata moja. Nikamuuliza mama. Akasema, bila hata kuacha kupepeta, "Zile za kung'aa? Si nilimpa Tabita mwaka juzi akaamie ndege wasile mpunga."

Kaka! Nilikaa chini. Gemu ambazo dunia nzima watu wanazililia, shangazi Tabita amezitundika kwenye mpunga Kamsamba!

Nikafunga kibanda, nikajaza mfuko sidii za kuchoma zilizokufa, nikashuka. Joto la kule sikuelezei. Nilimkuta shangazi katikati ya shamba, kigogo mkononi, anapiga debe, anatukana kwelea kwa majina ya majirani. Na juu ya mpunga, kaka, nyuzi zimevutwa toka nguzo mpaka nguzo, sidii zinazunguka na upepo, zinamulika, kama kuna harusi angani. Nilitaka kulia na kucheka.

"Shikamoo shangazi. Naomba nizishushe hizi."

"Marahaba. Ukizishusha, ndege watakula wewe?"

Nikamwonesha mfuko. Akakubali kwa sharti, nikishusha moja nipandishe moja, na niendelee kupiga kelele wakati wote. "Mdomo huo Mungu hakukupa bure," akasema. Basi nikawa nashusha moja baada ya nyingine, napiga kelele kama kichaa, nasoma majina.

Nyingi zimekufa. Jua limekula karatasi, fedha imebanduka. Nilikuwa karibu kukata tamaa, shangazi akasema ndani ya nyumba kuna mbili zilibaki uzi ulipoisha, ziko kwenye debe la unga. Nikakimbia. Moja ya mpira, moja ya magari. Orijino! Nzima! Nikampigia jamaa wa Iringa video, nikamwonesha mbele na nyuma, akasema, "Zitume kesho, na mimi natuma yangu." Nikaruka ruka mpaka kuku wakakimbia.

Nikarudi shambani kumalizia uzi wa mwisho, kwa sababu niliahidi. Sidii ya tatu toka mwisho, nikaishika. Karatasi imekuwa nyeupe kabisa, ila pembeni kuna kipande cha mkia, cha bluu. Nikaigeuza. Nikaangalia pale katikati, uzi ulipokuwa unapita. Imekwaruzika, lakini herufi zipo. K, E, F, A.

Shangazi akapiga kelele toka mbali, "Mbona umenyamaza? Ndege hao!"

Kaka, ilikuwa sandukuni kwako. Haikuwa kwa Andongwisye hata siku moja. Ilikuwa kwenye sanduku lako, chini ya sare zako, siku wanamtupia godoro nje, na siku anaacha shule, na miaka yote wanayomwita mwizi. Mama alimpa shangazi akidhani ni takataka.

Sijui kwa nini. Nimeliwaza hili mpaka kichwa kinauma. Labda iliharibika mkononi mwako ukaogopa. Labda ulitaka wiki moja zaidi, halafu uongo ukawa umeshatoka, ukashindwa kuurudisha. Hata mimi nimewahi kudanganya, nikavunja redio ya baba nikasema paka. Lakini paka hakuacha shule.

Jumanne wiki hii mzigo wa Iringa ukafika na basi. Mkia wa Chuma, boksi, kitabu, chini fedha safi. Nikaijaribu kibandani, ikawaka mara moja, ule muziki wake ukapiga, wateja wote wakasimama. Nikaizima. Ile ya Kamsamba nayo niliijaribu, mashine ikaguna, ikaguna, ikakataa.

Nikaziweka zote mbili mezani kwa mama, nikamweleza. Mama akazishika moja moja. Halafu akasema, "Peleka hiyo nzima. Hiyo nyingine tia motoni. Kefa anataka sidii, sidii hiyo hapo. Nani kakuuliza mengine?"

"Na Andongwisye, mama?"

"Andongwisye ameshazoea."

Usimchukie mama kwa hilo neno. Anakupenda, anataka mjukuu, na aliposema aliangalia chini. Lakini mimi lilinichoma kuliko yote. Nikaona kweli, tukikaa kimya tutazoea na sisi. Utaoa, utakuja Iyula na mkeo, utapita Mlowo, utasikia "Sidii, lete gunia," utageuza shingo. Na mimi nitageuza.

Hata hivyo sikuwa shujaa, usidhani. Jana Jumatano nilipanda kwenda Iyula na zote mbili kwenye mkoba, sijui nitatoa ipi. Nilimkuta Kefa anatengeneza vichanja vya kuanikia kahawa, Jenista anamshikia waya. Tukasalimiana. Mkono wangu wenyewe ukaingia kwenye mkoba ukatoa ile nzima.

Kaka, ungemwona! Aliacha nyundo ikaanguka. Akafungua boksi taratibu kama linaweza kuruka. Akageuza chini, fedha. Akacheka, mara ya kwanza namwona anacheka, akamwambia Jenista, "Unaona? Nilikwambia Isaka ni mtu. Basi, harusi ipo, mwambie Mzee Lusubilo nimefunga mdomo."

Nikapumua. Nikasema asante Mungu, nimeponea.

Halafu akasema, "Leo hii hii nashuka nayo Mlowo. Nitamwonesha yule mwizi. Nitaiweka mbele ya pua yake nimwambie, Sidii, angalia, iliyoibwa imelipwa na mwenye akili."

Akaanza kunawa mikono. Kweli anakwenda! Pikipiki ipo pale, funguo mfukoni.

Nikashindwa. Nikatoa ile nyingine. Nilimpa tu. Akaiangalia, akaisogeza karibu na macho, akapitisha ukucha pale kwenye jina lake.

"Umeitoa wapi?"

Nikasema yote. Sanduku, mama, Kamsamba, uzi. Nilisema haraka haraka kama ninavyosemaga, na nilikuwa nalia, nikasema, "Andongwisye hakupewa. Kaka yangu alidanganya."

Basi, kaka, nimekuuza. Sikukuomba ruhusa kwa sababu simu haikushika na pikipiki ilikuwa inaondoka. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie kwa hilo.

Kefa alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Hakutukana. Alisema tu, "Godoro lake nililitupa mimi. Kwa mikono hii." Akarudia mara mbili.

Jenista ndiye aliyeniogopesha. Hakulia, hakuuliza. Alikunja ule waya mpaka ukaisha, akauweka chini, akasema, "Twende Mlowo."

Tukaenda na pikipiki mbili. Andongwisye anafanya kazi kwenye ghala la mahindi pale barabarani, anashona midomo ya magunia. Mwembamba, ana kofia ya sufu. Wapagazi walipotuona wakaanza, "Sidii! Wageni wako! Leo umeiba nini tena?" Wanacheka, siyo kwa ubaya hata, ni mazoea.

Kefa akasimama mbele yake. "Andongwisye," akasema.

Yule hakuinua kichwa. "Subirini, gunia linamwagika." Akashona mpaka mwisho, akafunga fundo, akakata uzi kwa meno. Ndipo akachukua ile sidii kwenye mkono wa Kefa. Akaiangalia muda mrefu. Kefa akaanza kusema samahani, maneno hayatoki, anasema "mimi, mimi ndiye, sisi," hamalizi.

Andongwisye akaniuliza mimi, "We nani?"

"Tusekile. Mdogo wake Isaka."

"Kakutuma?"

"Hapana kaka. Hajui kama nipo hapa."

"Yuko wapi?"

Nikamwambia Nachingwea, porini, kazini. Akatikisa kichwa, akanirudishia sidii mkononi kwa adabu kabisa, mikono miwili. "Basi bado hajasema kitu. Wewe mtoto umefanya vizuri, Mungu akubariki. Lakini ulipoletwa ule uongo hakutuma dada yake. Alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya watu, akasema jina langu. Mwambie aje vile vile. Hapa. Saa za kazi, hawa wote wakiwepo."

Mpagazi mmoja akapiga kelele, "Sidii, gari limefika, acha wanawake!"

Kefa akageuka. "Anaitwa Andongwisye," akasema, kwa sauti ya kubomoa ukuta. Andongwisye akavuta gunia jingine, akaendelea kushona. Sindano ilimponyoka mara mbili.

Ndivyo mambo yalivyo, kaka. Jumamosi washenga hawaendi, Kefa kawapigia mwenyewe. Hajakataa posa. Kasema neno lake analikalia mpaka utakapofika. Ile sidii nzima kanirudishia, hataki hata kuigusa. Ile yenye jina kaichukua. Baba mdogo amenigombeza, Mzee Lusubilo amesema toka aanze ushenga hajawahi kuona posa inasimamishwa na kitu ambacho hakiliwi wala hakivaliwi. Mama hasemi na mimi toka jana, ila asubuhi kaniwekea uji, kwa hiyo tutapatana.

Jenista nilimuuliza wakati wa kuagana, nikuandikie nini. Akasema, "Mwambie angeniambia mimi, ningemsindikiza. Sasa asinipigie simu. Nikisikia amefika Mlowo, nitajua mwenyewe cha kufanya."

Sijui maana yake ni ndiyo au hapana. Nimemwangalia usoni sana, sijaona.

Mimi nakujua kaka. Ukisoma hii utataka kuandika barua nzuri, kwa mwandiko wako ule, au umtume baba mdogo na mbuzi, au utume hela. Usitume. Kila kitu nilitafuta njia ya kukinunua, nikavuka mpaka, nikashuka Kamsamba, nikabadilishana na mtu nisiyemjua, na vyote vimepatikana. Hiki hakina duka. Omba ruhusa ya wiki moja. Panda gari la chakula linaporudi mjini, panda basi la Dar, panda la Tunduma, ila usifike nyumbani kwanza. Shuka Mlowo. Nipigie ukiwa njiani, nitakuja nisimame karibu, sitasema neno, na wewe unajua hilo kwangu ni kazi kubwa.

Uoga unao, najua. Hata mimi ninao. Lakini nilimwona Kefa, mtu mwenye kiburi kile, akisimama mbele ya wapagazi, na hakufa.

Mama anakusalimu, hajasema lakini namjua. Shangazi Tabita anakusalimu sana, anasema sidii zako zimemwokolea magunia ya kutosha na utakula ubwabwa wake ukija. Baba mdogo anakusalimu kwa hasira. Wateja wa kibandani wanauliza lini utakuja wakupige tena kwenye gemu ya mpira.

Mungu wa baba yetu akutunze huko chini ya miamba, akupe miguu ya kurudi na mdomo wa kusema ukweli ukifika.

Mimi mdogo wako, nikupendaye na leo pia,

Tusekile